Picha ya viza kwa simu yako: jinsi ya kuipiga ikubalike mtandaoni

Mtu anaweza kujaza fomu ya viza kwa uangalifu mkubwa, akahakiki namba ya pasipoti tarakimu kwa tarakimu, halafu akifika kwenye kisanduku cha picha akapekua simu na kuchomoa ile aliyopigwa harusini. Anawakata waliokuwa pembeni, anapakia, mfumo unakataa. Anaipunguza ukubwa, unakataa tena. Anaitia kwenye programu ya kufuta mandharinyuma. Sasa ukuta umekuwa mweupe pe, ila sikio moja limeliwa nusu na nywele zina kingo kama zilizokatwa kwa mkasi. Lawama zote zinaishia kwa tovuti, ilhali tatizo lilianza siku picha ilipopigwa.

Karibu kila dosari inayoifanya picha ya viza ikataliwe hutokea kabla kitufe cha kamera hakijabonyezwa. Mwanga umetoka upande mmoja, simu imekaribia uso mno, au ukuta una kivuli. Yapange hayo matatu, na kazi itakayobaki kwenye skrini ni kukata na kupunguza ukubwa wa faili. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi chumbani, mbele ya dirisha, kuliko kwenye programu za kuhariri.

Hatua ya 1: Soma masharti ya nchi unayoiomba

Msingi unafanana karibu kote duniani. Unatoka kwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao makuu yake Montreal, ambalo waraka wake namba 9303 unaeleza hati za kusafiria zinazosomwa na mashine ziweje. Ndiko zilikotoka kanuni unazozikuta kila mahali: utazame kamera moja kwa moja, macho yawe wazi, mdomo ufungwe, mandharinyuma iwe ya rangi moja hafifu, uso usiwe na kivuli. Uzuri wako hauhusiki hapo. Kompyuta italinganisha picha hiyo na uso wako, na inachopima ni mahali yalipo macho, pua, mdomo na ukingo wa uso. Chochote kinachoficha au kupindisha vitu hivyo kinaivuruga.

Juu ya msingi huo kila nchi inaongeza yake, na hapo ndipo watu hukwama. Fomu ya Marekani ya DS-160 inataka picha ya mraba, kuanzia pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, faili la aina ya JPEG, isiyozidi kilobaiti 240. Viza ya mtandaoni ya India nayo inataka mraba wa JPEG, lakini faili iwe kati ya kilobaiti 10 na megabaiti 1. China inataka mstatili: upana wa pikseli 354 hadi 420, urefu wa 472 hadi 560, na faili ya kilobaiti 40 hadi 120. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, hutumia kipimo cha milimita 35 kwa 45, na uso ujaze asilimia 70 hadi 80 ya picha. Kanada, kwa viza ya matembezi, ina kipimo hichohicho cha 35 kwa 45, lakini inataka kutoka kidevuni hadi utosini pawe na milimita 31 hadi 36.

Soma ukurasa rasmi wa ubalozi au wa idara ya uhamiaji siku unayojaza fomu, kwa sababu masharti hubadilika. Andika kwenye karatasi mambo matano: umbo, pikseli au milimita, ukubwa wa faili, rangi ya mandharinyuma, na kipimo cha kichwa. Utayahitaji wakati wa kukata.

Jambo la sita ni umri wa picha. Nchi nyingi zinataka iwe imepigwa ndani ya miezi 6. Usijidanganye kwamba sura yako haijabadilika: ofisa anayo pasipoti yako mbele yake, na akiona picha ya viza ni ileile iliyo kwenye pasipoti iliyotolewa miaka minne iliyopita, hana haja ya kuuliza. Kwenye bahati nasibu ya viza ya Marekani masharti yanasema wazi kwamba kurudia picha uliyoituma mwaka uliopita kunakuondoa kwenye kinyang'anyiro.

Hatua ya 2: Ukuta na dirisha

Tafuta ukuta mweupe usiong'aa. Rangi ya mafuta hurudisha mwanga na kuacha doa jeupe nyuma ya kichwa. Ukuta wa kijani au wa waridi haufai hata ukiwa umepauka, kwa kuwa hutupa rangi yake shavuni. Kama hakuna ukuta wa kufaa, tundika shuka jeupe lililopigwa pasi na ulivute mpaka mikunjo iishe. Kila mkunjo unaoachwa kamera huuona kama mstari wa kijivu. Mlango mweupe unaweza kukudanganya, maana fremu na kitasa hujitokeza picha ikishakatwa.

Usiuegemee ukuta. Simama mbele yake kama mita moja, zaidi kama chumba kinaruhusu. Ukiwa umeugusa, kivuli cha kichwa na mabega kinaangukia palepale nyuma yako na kuchora ukingo mweusi kandokando ya shavu. Ukisogea mbele, kivuli kinaanguka chini sakafuni, nje ya picha. Hatua hiyo moja huokoa picha nyingi kuliko programu yoyote.

Mwanga bora ni wa dirisha kubwa, mchana, wakati jua haliingii moja kwa moja. Siku ya mawingu ni nzuri sana. Jipange hivi: wewe utazame dirisha, ukuta uwe nyuma yako, na mpiga picha asimame kati yako na dirisha akiwa amelipa mgongo, bila kukuzibia mwanga. Dirisha likiwa upande wako wa kushoto, nusu ya kulia ya uso itakuwa giza, na hilo ni kosa linalokataliwa kila siku. Kama chumba hakikuruhusu kulitazama dirisha, mwambie mtu ashike karatasi kubwa nyeupe au kitambaa cheupe upande wenye giza, karibu na uso lakini nje ya picha. Mwanga utarudi na kuujaza upande ule.

Zima taa ya darini. Hutupa kivuli machoni, chini ya pua na chini ya kidevu, na ikichanganyika na mwanga wa dirisha, upande mmoja wa uso huwa wa manjano na mwingine wa bluu. Flashi ya simu nayo iache. Huleta macho mekundu, hung'arisha paji la uso, na huchapa kivuli kikali ukutani.

Hatua ya 3: Ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe

Miongozo mingi hulipita jambo hili haraka, ingawa ndilo linalowasumbua wengi wetu.

Kamera ya simu ikiachwa ijiamulie yenyewe hupima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani. Ukuta mweupe ukijaza sehemu kubwa ya picha, kamera hudhani mahali pote pana mwanga mno, kwa hiyo inaipunguzia picha yote mwanga. Ukuta unakuwa wa kijivu na uso mweusi unazama: nyusi hazitofautiani na paji la uso, mboni hazionekani vizuri, mstari wa kidevu unapotelea shingoni. Kikaguzi cha tovuti kinaposema picha haina ubora, mara nyingi ndicho kinachomaanishwa.

Wakati mwingine mashine yenyewe ndiyo yenye kasoro. Mwaka 2020 BBC ilikijaribu kikaguzi cha picha za pasipoti cha serikali ya Uingereza kwa kutumia picha zaidi ya 1,000 za wanasiasa kutoka nchi mbalimbali. Wanawake wenye ngozi nyeusi waliambiwa picha zao hazina ubora asilimia 22 ya mara, na wanawake wenye ngozi nyeupe asilimia 14. Mwaka 2016 huko New Zealand mfumo wa pasipoti ulimwambia mwombaji mwenye asili ya Asia kwamba amefumba macho, na macho yake yalikuwa wazi kabisa. Kwa hiyo mtu mwenye ngozi nyeusi hana budi kuipa mashine picha isiyo na kisingizio.

Fanya hivi. Gusa uso kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka simu ifunge kipimo cha mwanga hapo. Kisha vuta alama ya mwangaza juu taratibu, huku ukitazama nyusi na eneo la chini ya macho. Simama pale unapoanza kuziona nyusi unywele kwa unywele. Sasa angalia masikio na mashavu: kama weupe wa ukuta umeanza kuyala, umezidisha, rudi kidogo. Uso ukiwa bado mweusi hata baada ya hapo, usilazimishe. Sogea karibu na dirisha. Mwanga halisi unaoongezwa usoni unashinda mwangaza unaovutwa baadaye kwenye programu, kwa sababu kuvuta mwangaza kwenye picha iliyokwisha kuwa giza huleta chembechembe, na chembechembe nazo hukataliwa.

Pangusa mafuta usoni, hasa pajini, puani na mashavuni. Ngozi inayong'aa huweka madoa meupe ambayo kompyuta huyasoma kama kasoro ya mwanga. Poda kidogo inasaidia, mradi iwe ya rangi yako. Uso ukiwa mweupe na shingo nyeusi, atakayeshangaa ni ofisa. Na usiguse kabisa kichujio cha kung'arisha ngozi. Simu nyingine huja zikiwa zimewashwa kitu cha kurembesha uso bila wewe kujua, kinachosafisha madoa na kuchonga kidevu. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ukizime.

Hatua ya 4: Simu iwe wapi

Selfi haifai. Sababu iko kwenye umbali. Simu ikiwa mwisho wa mkono wako, pua iko karibu nayo sana ukilinganisha na masikio, kwa hiyo pua hukua, uso hurefuka na masikio hurudi nyuma. Hakuna programu inayolirekebisha hilo kwa uaminifu. Mtu akupige kutoka mita moja na nusu hadi mbili, kwa kamera ya nyuma, na kama simu ina lenzi ya kukuza mara mbili, aitumie hiyo. Lenzi pana, ile inayoandikwa 0.5, isitumike hata kidogo.

Jicho la kamera liwe sawasawa na macho yako. Mpiga picha akiwa mrefu kuliko wewe, apige magoti kidogo au wewe upande juu ya kitu imara. Simu ikiwa juu, paji la uso linakuwa kubwa. Ikiwa chini, matundu ya pua ndiyo yanayotangulia. Kama uko peke yako, iweke simu kwenye stendi au juu ya rafu, washa kipima muda cha sekunde 10, na uweke alama sakafuni pa kusimama.

Zima ile hali ya kufifisha nyuma ya mtu. Inapendeza kwenye picha za mitandaoni, lakini hukosea kwenye nywele na masikio, ikaufuta ukingo wa uso ambao kompyuta inauhitaji.

Acha nafasi ya kutosha pande zote. Mabega yote yaonekane, na juu ya kichwa pabaki nafasi kubwa kuliko unayodhani inahitajika. Picha pana unaweza kuikata mraba kwa Marekani leo na mstatili kwa Schengen mwezi ujao. Iliyobana haina pa kwenda.

Hatua ya 5: Uso, nywele na mavazi

Uso wa kawaida, mdomo umefungwa. Wengi wakiambiwa wasicheke hukunja uso, na ndita zinakaa pale mpaka mwisho. Vuta pumzi, itoe, legeza taya. Fumba macho, uyafumbue mpiga picha anapohesabu tatu; kwa sekunde chache yatakuwa wazi bila kukodolewa. Kichwa kisilale upande, mabega yawe sawa. Apige picha nyingi mfululizo, si moja.

Miwani ivue. Marekani imeikataza kwenye picha za viza na pasipoti tangu tarehe 1 Novemba 2016, ila kwa sababu ya kitabibu yenye barua ya daktari. Nchi nyingine zinairuhusu kama vioo havirudishi mwanga na fremu haigusi macho, lakini kuivua kunakuepusha na mabishano yote hayo. Vifaa vya masikioni vya simu vitoke. Kifaa cha kusaidia kusikia unachokivaa kila siku kinaruhusiwa.

Hijabu, kilemba na vazi jingine la kichwani linalovaliwa kila siku kwa sababu ya dini hukubaliwa na nchi nyingi, zikiwemo Marekani na nchi za Schengen. Sharti ni uso mzima uonekane: kutoka chini ya kidevu hadi juu ya paji, na kingo zote mbili za mashavu. Kosa la kawaida ni kitambaa kilichosogezwa mbele kidogo, kikatupa kivuli pajini. Kirudishe nyuma kiasi, na uchague cha rangi moja isiyo nyeupe, kisije kikayeyuka ukutani. Kofia na skafu za urembo zibaki nyumbani.

Nywele zisifunike macho wala nyusi. Mtindo wa kurundika nywele juu una shida yake: kipimo cha kichwa cha Marekani huhesabu mpaka juu ya nywele, kwa hiyo fundo refu la rasta au msuko huupunguza uso ili kichwa chote kiingie. Zishushe au zifunge nyuma. Ndevu hazina tatizo, mradi ndizo utakazokuwa nazo ukifika mpakani. Hereni ndogo pia hazina neno.

Nguo iwe ya rangi iliyokolea na ya kawaida. Shati jeupe mbele ya ukuta mweupe hukuacha kichwa kinachoelea. Sare ya kazi, hata ya ulinzi wa kampuni, Marekani haiitaki. Mavazi ya kila siku ya kidini ndiyo yanayoruhusiwa.

Hatua ya 6: Chagua, kisha ukate kwa hesabu

Hamishia picha kwenye kompyuta, au uzitazame kwenye simu ukizikuza mpaka jicho lijaze skrini. Kope zionekane kali. Ikiwa ni ukungu, weka kando hata kama sura imependeza. Tazama chini ya pua na nyuma ya shingo kama kuna kivuli. Chagua moja, na kabla ya chochote uitunze nakala yake isiyoguswa.

Kukata ndiko kunakofanywa kwa kukisia, na hakuna haja. Chukua mfano wa Marekani. Kichwa, kutoka chini ya kidevu hadi juu ya nywele, kiwe asilimia 50 hadi 69 ya urefu wa picha. Macho yawe kati ya asilimia 56 na 69 ya urefu huo, ukipima kutoka chini. Tuseme kwenye picha yako asilia kichwa kina urefu wa pikseli 1200. Lenga asilimia 60: gawanya 1200 kwa 0.6, unapata 2000. Basi kata mraba wa pikseli 2000 kwa 2000, na uusogeze mpaka mstari wa macho uwe kama pikseli 1240 kutoka chini, yaani asilimia 62. Hapo uko katikati ya mipaka yote miwili. Ukiupunguza mraba huo hadi 600 kwa 600, kichwa kitakuwa pikseli 360, na kiwango kinachoruhusiwa ni 300 hadi 414.

Kwa masharti ya milimita, kumbuka kwamba kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, milimita 35 kwa 45 ni kama pikseli 413 kwa 531. Kata kwa uwiano huo huo. Usivute picha upande mmoja ili ienee kwenye kisanduku; uso unaonenepeshwa hugundulika mara moja.

Kukata na kupunguza ukubwa kunaruhusiwa. Kubadili mwonekano hakuruhusiwi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inakataza kuhariri picha kwa programu za simu, vichujio na akili bandia. Kufuta kovu, kusawazisha ngozi, kubandika mandharinyuma mpya, yote yanaingia humo. Ukali huo una chanzo: picha mseto, inayochanganya nyuso za watu wawili kwa kompyuta hata wote wawili waweze kusafiri kwa pasipoti moja. Ni kwa sababu ya hilo Ujerumani, tangu tarehe 1 Mei 2025, imeacha kupokea picha za karatasi kwa pasipoti na vitambulisho vyake. Picha inapigwa ofisini au inatumwa na studio iliyosajiliwa kwa njia salama. Viza bado hazijabanwa hivyo, lakini upepo unavuma kuelekea huko. Mandharinyuma ikiwa mbaya, rudi ukutani upige upya.

Hatua ya 7: Faili

Mfumo ukisema haulitambui faili, tazama aina yake. iPhone huhifadhi picha kwa HEIC tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na tovuti nyingi za viza haziisomi. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, uchague ile inayokubalika zaidi. Tangu hapo simu itapiga JPEG. Kubadilisha jina la faili kutoka .heic kuwa .jpg hakubadilishi kilichomo ndani. Inabidi uifungue na kuihifadhi upya kama JPEG.

Ikiwa ni kubwa mno, fuata mpangilio huu: kata kwanza, punguza pikseli, mwisho ndipo ushushe ubora wa JPEG. Ukianza na ubora, utapata faili dogo lenye picha iliyovunjika vijiraba kuzunguka macho na mdomo. Picha ya 600 kwa 600 huingia chini ya kilobaiti 240 kwa raha. Ya 1200 kwa 1200 huleta taabu bure. Kumbuka pia kwamba kuna nchi zenye kiwango cha chini, kama China na zile kilobaiti 40 zake, kwa hiyo faili dogo kupita kiasi nalo linakataliwa.

Usiitume picha kwa WhatsApp kama picha ukitaka kuihamisha, maana huibana. Itume kama hati, au tumia waya au barua pepe. Picha ya skrini hairuhusiwi kuchukua nafasi ya picha yenyewe. Jina la faili liwe fupi, bila nafasi wala alama za ajabu.

Kuhusu tovuti zinazojitangaza kwamba zitakukagulia na kukurekebishia picha: unazikabidhi uso wako wenye ubora wa kiserikali, na baadhi huomba na namba ya pasipoti. Programu ya picha iliyomo kwenye simu au kompyuta yako inatosha kwa kazi yote iliyoelezwa hapa.

Watoto

Kila mtoto ana picha yake, hata mchanga. Mlaze chali juu ya shuka jeupe lililonyooshwa, karibu na dirisha, na umpige kutoka juu, ukiangalia kivuli chako kisimwangukie. Mkono wa mama, chuchu ya bandia na midoli visionekane. Kwa asiyeweza kukaa, unaweza pia kufunika kiti cha gari cha mtoto kwa shuka hilo na kumweka humo. Masharti ya Marekani yanavumilia macho ya mchanga yasiyofumbuka kabisa. Mtoto mkubwa hana ruhusa hiyo. Mpige akiwa ameshiba na ametoka usingizini, na mtu atikise kitu kinacholia juu kidogo ya simu.

Kupakia, na ukikataliwa

Fomu ya DS-160 ina sehemu ya kujaribu picha kabla ya kuendelea. Itumie, lakini ielewe: kikaguzi hupima umbo, pikseli, ukubwa na mambo machache ya uso. Kukubaliwa hapo si hukumu ya mwisho, kwani ofisa bado anaweza kuitaka nyingine.

Ikikataliwa, soma ujumbe kabla ya kubadilisha chochote, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ujumbe wa umbo au ukubwa unahusu faili. Rudi hatua ya 6 na 7. Ujumbe wa mwanga, kivuli, ukungu au uso kutoonekana unahusu chumba, na hakuna kuhariri kutakakoutibu. Kama unaamini picha ni sahihi na mashine ndiyo iliyokosea kuhusu macho au rangi ya ngozi, piga nyingine yenye mwanga zaidi usoni, na ukikwama tena tafuta njia ya kuendelea bila kupakia. Kwenye DS-160, picha isipopita, ukurasa wa uthibitisho hutoka na alama ya X mahali pa picha, na unatakiwa uende kwenye usaili na picha ya karatasi.

Kwa hali hiyo chapisha nakala mbili kwenye karatasi ya picha, milimita 51 kwa 51, kichwa kikiwa na milimita 25 hadi 35, na uziweke kwenye bahasha ili zisikunjike wala kupigwa stepla usoni. Ile nakala asilia isiyokatwa ihifadhi pamoja na tarehe uliyoipiga. Fomu ya nchi nyingine ikija kabla ya miezi 6 kwisha, utaikata upya kwa kipimo chake bila kurudi ukutani.